Begi la Maji la Kupandia Milima: Pesa Yako Iende Wapi?

Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zinazolindwa, na chupa za maji za dukani zimo. Upande wa Tanzania, anayepanda Kilimanjaro naye anakatazwa kuingia na chupa za aina hiyo. Wanaotoka wikendi kwenda Longonot, Ngong, Elephant Hill au Mandara wamelazimika kujiuliza swali ambalo zamani lilimalizwa na muuza duka wa njiani: maji nitayabeba ndani ya nini?

Jibu linalovutia macho ni begi la maji, lile la mgongoni lenye mfuko laini ndani na mrija unaopita begani mpaka karibu na mdomo. Unatembea huku unakunywa, husimami, hufungui zipu. Ubaya ni kwamba bei zake zimetawanyika. Unaweza kulipata kwa dola 15, na ukaliona jingine la lita zilezile kwa dola 130. Muuzaji atakueleza tofauti ya rangi na idadi ya mifuko ya pembeni. Tofauti yenye maana iko kwingine, na makala haya yanaitafuta.

Msimamo wangu niuweke mapema. Kinachostahili pesa ni mfuko wa maji, mrija na valvu yake. Begi lenyewe, kwa matembezi ya siku moja, mara nyingi tayari unalo nyumbani.

Historia ya kifaa hiki inaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1988 Michael Eidson, mhudumu wa dharura za kitabibu huko Texas, Marekani, alikuwa akishiriki mbio ndefu za baiskeli za Hotter'N Hell Hundred katika mji wa Wichita Falls, kwenye joto kali la Agosti. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, akaubana mgongoni kwenye fulana yake na kuupitisha mrija begani. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa kampuni ya CamelBak. Begi la kwanza la maji lilikuwa soksi. Kazi ilifanywa na mfuko na mrija.

Kwanza ujue unahitaji maji kiasi gani

Watu wengi hununua mfuko wa lita 3 kwa kuwa ndio mkubwa kuliko yote dukani, kisha wakapanda kilima cha saa mbili wakiwa na kilo tatu za maji mgongoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna kampuni iliyopata njia ya kuipunguza.

Kanuni inayotumiwa sana na wapanda milima ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea, kwa mwendo wa kawaida na hali ya hewa isiyo kali. Jua likiwaka na njia ikiwa mwinuko mtupu, kiasi hicho kinaweza kukaribia lita moja kwa saa. Tazama njia tatu zinazojulikana.

Longonot, katika Bonde la Ufa, ni njia ya vumbi na jua. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo wote ni zaidi ya kilomita 7, ukipita kwenye kilele chenye mita 2,776. Ukijumlisha na kurudi, umetembea kilomita 13 na ushei, na huko juu hakuna kijito wala kibanda cha soda. Hapa lita 2 ni za mtu mwenye mwendo mwepesi aliyeondoka alfajiri. Anayeanza saa nne asubuhi abebe 3.

Marangu hadi Mandara, Kilimanjaro, ni habari tofauti. Ni kama kilomita 8 za kupanda ndani ya msitu wenye kivuli na unyevu, hadi kambi iliyo mita 2,720, ambako unaweza kupumzika na kujaza maji upya kabla ya kushuka. Lita moja na nusu hadi 2 zinatosha wengi.

Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, una mita 2,962 na huanza kupandwa usiku wa manane ili watu wafike juu alfajiri. Kupanda ni gizani, lakini kushuka ni juani, juu ya majivu na mawe yasiyo na mti. Mlimani hakuna maji kabisa. Huko lita 3 ndizo za kuanzia.

Kwa hiyo mfuko wa lita 2 ndio unaomfaa mtu wa kawaida wa matembezi ya siku moja, na siku ya Longonot ya mchana au Lengai unaongeza chupa ya lita moja pembeni. Mfuko wa lita 3 unafaa ikiwa njia zako nyingi ni kavu. Hata ukiununua, si lazima uujaze. Tahadhari moja ya kiafya: mrija ukiwa karibu na mdomo hurahisisha kunywa kupita kiasi. Maji mengi mno bila chumvi hushusha kiwango cha sodiamu mwilini, na hali hiyo inaweza kumwangusha mtu sawa na kiu. Kunywa kwa kufuata kiu, na ule kitu chenye chumvi njiani.

Njia tano na bei zake

Bei zilizo hapa ni makadirio kwa dola, kwa kuwa vifaa hivi vingi huagizwa na wauzaji hupanga bei wakiitazama sarafu hiyo. Kwa hesabu ya haraka, chukua dola 1 kuwa shilingi 130 za Kenya au shilingi 2,500 za Tanzania.

*Chupa ngumu ndani ya begi ulilonalo.* Chupa ya plastiki ngumu ya lita moja yenye jina, kama Nalgene, ni kati ya dola 15 na 18, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu 180 hivi. Za majina yasiyojulikana zinapatikana kwa dola 3 hadi 6. Zote zinaruhusiwa hifadhini kwa sababu si za kutupwa. Chupa haivuji kirahisi, inaoshwa kwa dakika moja, na unaona kwa macho maji yaliyobaki. Ina sifa nyingine ambayo wauzaji wa mabegi ya maji hawaitaji: unaweza kumgawia mwenzako. Katika safari zetu za makundi daima kuna aliyeishiwa maji, naye humiminiwa kutoka kwenye chupa bila kugusa mdomo wake. Kwa mrija, ukarimu huo ni mgumu. Ubaya wa chupa ni kwamba lazima usimame, au umwombe mwenzako akutolee kwenye mfuko wa pembeni, na wanaosahau kusimama husahau kunywa. Chupa za chuma zenye kuta mbili hutunza ubaridi vizuri, lakini ile ya lita moja hukaribia nusu kilo kabla hujaitia tone la maji.

*Mfuko wa maji peke yake, ukiutia kwenye begi ulilonalo.* Mfuko wa lita 2 au 3 wa kampuni kama HydraPak, Platypus, Osprey, Source au CamelBak huuzwa kati ya dola 30 na 45. Usio na jina huanzia dola 8 hadi 15. Uzito wake mtupu, pamoja na mrija, ni kama gramu 150 hadi 200, maana yake mfuko wa lita 2 ni mwepesi kuliko chupa mbili ngumu za ujazo huohuo.

*Begi la bei nafuu lenye mfuko wake.* Haya ndiyo yaliyojaa katika maduka ya mtandaoni, kati ya dola 15 na 30, mara nyingi yakiwa na mfuko wa lita 2. Begi lenyewe huwa si baya. Tatizo huwa kwenye mfuko uliomo: mdomo mwembamba usioingiza mkono, mshono dhaifu, harufu ya plastiki isiyokwisha, na valvu inayodondosha.

*Begi la jina lenye mfuko wake.* CamelBak, Osprey, Gregory na wenzao huuza mabegi ya lita 10 hadi 20 yakiwa na mfuko ndani, kati ya dola 80 na 130. Unapata mkanda mzuri wa kifuani, mgongo unaopitisha hewa, ndoano ya kuning'iniza mfuko na sumaku ya kushikilia mrija. Osprey hutoa matoleo mawili ya begi lake la aina hii, Skarab kwa wanaume na Skimmer kwa wanawake, yakitofautiana katika umbo la mabega. Soma lebo vizuri: mabegi mengi hutangazwa kuwa yako tayari kwa mfuko wa maji, kumbe mfuko haumo. Yana nafasi yake na tundu la mrija tu, na mfuko utaununua kando kwa dola 30 na zaidi.

*Fulana ya mbio yenye chupa laini.* Salomon na kampuni nyingine za wakimbiaji hutengeneza fulana inayobana kifua, yenye chupa mbili laini za nusu lita mbele. Bei ni kati ya dola 100 na 160. Kwa anayekimbia milimani ni kifaa bora, kwa kuwa maji hayachezi mgongoni. Kwa anayetembea na sweta, koti la mvua, mkate na ndizi, ni ndogo. Lita moja ya mbele haitoshi Longonot, na ukiongeza mfuko nyuma umerudi kwenye begi la maji kwa bei ya juu zaidi.

Hesabu ya miaka mitatu

Bei ya siku ya kununua hudanganya, kwa sababu vifaa hivi vina sehemu zinazochakaa. Valvu ya mdomoni hupasuka kwa kung'atwa, na mpya ya jina ni karibu dola 10. Mfuko usiotunzwa hushika ukungu mweusi ndani ya mrija. Mfuko wa bei rahisi huachia kwenye mshono.

Tuchukue mtu anayepanda mara moja kwa mwezi kwa miaka mitatu, yaani safari 36. Tuchukulie pia kwamba begi la kawaida la mgongoni analo, kwamba mfuko wa jina unamaliza miaka mitatu kwa kubadilishwa valvu mara moja, na kwamba mfuko wa begi la bei nafuu unabadilishwa kila mwaka.

- Chupa mbili za jina: dola 34 (shilingi 4,420 za Kenya, 85,000 za Tanzania). Kila safari inagharimu kama shilingi 123 za Kenya.
- Mfuko wa jina kwa dola 40, pamoja na valvu moja ya dola 10: dola 50 (6,500, 125,000). Kila safari, kama shilingi 181.
- Begi la bei nafuu kwa dola 25, pamoja na mifuko miwili mipya ya dola 12: dola 49 (6,370, 122,500). Kila safari, kama shilingi 177.
- Begi la jina kwa dola 110, pamoja na valvu: dola 120 (15,600, 300,000). Kila safari, kama shilingi 433.
- Fulana kwa dola 130, pamoja na chupa laini mbili mpya za dola 20 kila moja: dola 170 (22,100, 425,000). Kila safari, kama shilingi 614.

Linganisha mstari wa pili na wa tatu. Aliyenunua begi la bei nafuu na aliyenunua mfuko mzuri wamelingana kwa matumizi mwisho wa mwaka wa tatu, ila mmoja amekunywa maji yenye ladha ya maji muda wote, na mwingine amepata begi la ziada na siku kadhaa za nguo zilizolowa. Asiye na begi lolote nyumbani ana sababu ya kufikiria la bei nafuu. Mwenye begi hana.

Sasa badilisha hesabu: mtu huyo anapanda mara tatu tu kwa mwaka, safari 9. Kwa matumizi yaleyale, chupa zinamgharimu shilingi 491 za Kenya kwa safari, mfuko wa jina 722, na begi la jina 1,733. Kwa anayepanda Pasaka, Agosti na Desemba, begi la dola 110 ni pambo la kabati. Chupa mbili zitamtosha, na zikikaa miezi minne bila kutumika hazioti ukungu wa ndani usiofikika.

Mfuko: pa kutazama kabla ya kulipa

Anza na mdomo wa kujazia. Kuna mifuko inayofungwa kwa kifuniko cha kuzungusha na ile inayokunjwa juu na kubanwa kwa reli ya plastiki. Ya kifuniko hujazwa kirahisi bombani kwa mkono mmoja. Ya reli hufunguka upana wote, hivyo mkono mzima unaingia kuosha na mfuko hukauka upesi. Kwa mazingira yetu ya joto na unyevu, urahisi wa kuosha uupe uzito zaidi. Mfuko ambao mkono wako hauingii, uache dukani.

Pili, mrija uwe unachomoka kwenye mfuko kwa kubonyeza kitufe, na sehemu ya mfuko ijifunge yenyewe mrija ukitoka. Unapojaza maji mapya katikati ya safari, unautoa mfuko na kuuacha mrija mahali pake begani. Bila kitufe hicho, kujaza maji ni kulifungua begi zima na kuupitisha mrija upya.

Tatu, valvu iwe na kufuli. Valvu ya kung'ata hufunguka inapobanwa na meno, lakini hubanwa pia na begi lililolaliwa ndani ya matatu au daladala. Kufuli ndogo ya kuzungusha huzuia maji yasimwagike kwenye kiti cha jirani yako.

Nne, uliza kama vipuri vinauzwa. Mfuko wa jina una faida hapa: valvu, mrija na kifuniko hununuliwa kimoja kimoja. Mfuko usio na jina, valvu ikipasuka, umekwisha wote.

Tano, nusa. Plastiki nzuri ya mifuko hii haina harufu kali. Harufu kidogo ya kiwandani huondoka kwa kuloweka maji ya uvuguvugu yenye ndimu usiku mmoja. Harufu ya mpira inayokugonga puani ukifungua kifuniko itabaki kwenye maji yako.

Ukiruhusiwa, jaza maji palepale dukani, toa hewa, funga, kisha ubonyeze mfuko juu ya meza kwa viganja viwili huku karatasi kavu ikiwa chini. Karatasi ikilowa, umeokoa pesa yako. Muuzaji anayekataa jaribio hili mwambie utarudi siku nyingine.

Begi ulilonalo linatosha lini?

Kwa matembezi ya siku moja, begi la lita 15 hadi 20 linabeba maji, chakula, koti la mvua, sweta, tochi na dawa chache. Mzigo wote huwa kilo nne au tano. Kwa uzito huo, mkanda mnene wa kiunoni ni starehe tu. Ulio muhimu ni mkanda wa kifuani, kwa kuwa unazuia mikanda ya mabega isiteleze unaposhuka, na unauweka mrija mahali pamoja.

Begi la shule au la laptopu linaweza kufanya kazi hiyo likitimiza masharti matatu. Mosi, liwe na sehemu ya ndani inayogusa mgongo, kama ile ya kuwekea laptopu, ili mfuko wa maji ulale bapa karibu na mwili. Maji yakikaa mbali na mgongo yanakuvuta nyuma. Pili, kuwe na kitanzi juu cha kuning'iniza mfuko. Kama hakipo, fundi wa viatu au wa nguo atakishona kwa pesa ya chai. Bila kitanzi, mfuko hujikunja chini kadiri maji yanavyopungua na mrija hushindwa kuvuta. Tatu, zipu ikutane katikati ya juu, ili mrija utokee penye nafasi ndogo uliyoiacha wazi.

Begi likikosa sharti la kwanza, au mikanda yake ikikata mabega, hapo ndipo begi jipya lina hoja. Wanawake wengi, na watu wenye mabega membamba, huona tofauti ya kweli kwenye begi lililokatwa kwa umbo lao. Livae dukani likiwa na kilo tatu ndani, utembee, uiname na kuinua mikono. Begi tupu humkaa kila mtu vizuri.

Dukani, mitumbani au mtandaoni

Soko la mitumba ni mahali pazuri pa kununulia begi na mahali pabaya pa kununulia mfuko wa maji. Gikomba mjini Nairobi, Memorial mjini Moshi na Karume mjini Dar es Salaam hupitisha mabegi ya kampuni kubwa yenye zipu nzima na mishono imara, kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Vuta zipu zote, kagua mshono wa mikanda ya mabega, na tazama kama kuna nafasi ya mfuko na tundu la mrija. Ukikuta mfuko wa maji umo ndani, hesabu kama haumo. Hujui uliwekwa juisi gani, ulikauka vipi, wala ukungu umeishi humo miaka mingapi. Begi la mitumba pamoja na mfuko mpya wa jina ndio mchanganyiko wenye thamani kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Kukodi nako kupo. Moshi na Arusha zina maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani, na kwa mgeni anayepanda mara moja hilo ni jambo la busara kwa begi, koti na fimbo. Mfuko wa maji wa kukodi una shaka ileile ya mitumba: kifaa kinachoingia mdomoni kiwe chako.

Unapoagiza kutoka nje, bei unayoiona kwenye skrini si bei utakayolipa. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Begi la dola 110 laweza kukufikia likiwa limepita 150. Kampuni kama CamelBak na Osprey hujivunia dhamana ya muda mrefu, na ni kweli hurekebisha au kubadilisha bidhaa yenye kasoro ya kiwandani. Ila dhamana haigusi uchakavu wa kawaida, na kama lazima urudishe begi ng'ambo kwa gharama yako, nauli yake inaweza kuimeza faida yote. Dhamana ya duka la mjini mwako, hata ya miezi sita tu, ina thamani kuliko ya maisha iliyoko bara jingine.

Utunzaji ni sehemu ya bei

Weka maji matupu. Juisi, soda na vinywaji vya sukari ni chakula cha ukungu, na ladha yake haitoki kwenye mrija. Ukihitaji ORS, changanya kwenye chupa kando. Pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji.

Ukirudi nyumbani, mwaga yaliyobaki siku hiyohiyo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, au kijiko cha bikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye maandazi. Pitisha maji hayo kwenye mrija na valvu pia, suuza, kisha ning'iniza mfuko ukiwa wazi, na mwiko safi ndani ili kuta zisishikane. Usipokauka vizuri, uweke kwenye friza: baridi huzuia ukungu kuota.

Njiani, ukishafunga mfuko uliojaa, upindue na kunyonya hewa yote kupitia mrija. Bila hewa, maji hayapigi kelele wala kuyumba. Juani, kila ukimaliza kunywa, puliza maji ya mrijani yarudi mfukoni. Usipofanya hivyo, funda lako la kwanza litakuwa la moto.

Uamuzi

Unapanda mara mbili au tatu kwa mwaka: nunua chupa mbili za lita moja zisizo za kutupwa, utumie begi lililopo. Usishawishike na kitu kingine.

Unapanda kila mwezi na una begi lenye mkanda wa kifuani: nunua mfuko wa jina wa lita 2, wenye mdomo mpana, kitufe cha kuchomolea mrija na kufuli ya valvu. Beba na chupa moja ndogo, ya kukusaidia kuhesabu maji na kumgawia mwenzako.

Huna begi: anza mitumbani, kisha ununue mfuko mpya. Ukikosa, begi la bei nafuu linakubalika, mradi ujue kwamba mfuko wake ni wa muda na utenge dola 40 za kununulia mzuri baadaye.

Unapanda kila wiki, au mabega yako yanateswa na begi ulilonalo: hapo begi la jina la dola 110 linalipa, kwa sababu utalitumia zaidi ya mara 150 katika miaka hiyo mitatu, na kila safari itakugharimu chini ya dola moja.

Unakimbia milimani: nunua fulana. Kama unatembea, waachie wakimbiaji.

Na kwa wote, kabla ya kutoa pesa, ingiza mkono kwenye mdomo wa mfuko. Usipoingia, usinunue.